Mzimu wetu unachekesha badala ya kutisha, tunakosea wapi?

MchoraKiborloni: Wakuu, habari za Moshi. Tunaandaa hadithi ya maneno 1,500 na picha moja ya kwenda nayo, hadibodi ya sm 60 kwa 60, rangi ya mafuta. Kisa kiko kihambani, shamba la nyumbani la Wachaga: usiku wa zamu ya maji, mzimu unatokea kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia. Kila anayeiona picha anacheka. Pembe tumeweka, macho mekundu tumeweka, moshi upo. Na hadithi nayo, msomaji anajua kila kitu kabla ya ukurasa wa pili. Tuanze kurekebisha wapi?

BrashiNene: Anzeni na picha, na pembe zifutwe. Tingatinga, mtindo ulioanza Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, unapenda rangi bapa na mstari unaokata, kiumbe kinaonekana chote. Ndiyo maana mashetani ya msanii wetu George Lilanga, yale ya masikio makubwa na midomo iliyotokeza, unayaona kama majirani wenye shughuli zao. Kwake hiyo ni nguvu. Ninyi mnataka woga, kwa hiyo ukingo wa umbo lazima upotee.

Usuli uwe kijani kilichokolea, kimechanganywa na buluu na kahawia kidogo. Nyeusi ya kopo ikipakwa peke yake inakuwa shimo tu. Acheni ikauke siku mbili, kipindi hiki cha baridi hata tatu. Kisha ukungu: kijiko kimoja cha nyeupe, vinne vya vanishi isiyo na rangi, nusu kijiko cha tapentaini. Pakeni tabaka jembamba, mfute kwa kitambaa pale umbo linapoanzia, likauke, mrudie mara tatu. Mkipaka nene, juu inashika ngozi wakati chini bado mbichi, halafu inajikunja kama utando wa maziwa. Tapentaini ikizidi, rangi inatiririka na ikikauka inapauka. Thina ya rangi ya magari msiiguse kabisa, inababua tabaka zote za chini. Vanishi itageuka njano kidogo baadaye, kwa ukungu wa usiku si neno.

MchoraKiborloni: Kwa hiyo mzimu usionekane kabisa?

BrashiNene: Uonekane sehemu moja, na hiyo ichorwe kwa uhakika wote. Mkono unaoshindilia magomba na udongo kuziba maji, kucha zenye tope, kiwiko kinaishia ndani ya ukungu. Mkipita Arusha, viangalieni kwa karibu vinyago vya shetani vya Kimakonde: mpingo umetobolewa katikati ya umbo, na ni ule uwazi unaokufanya urudi kuangalia tena.

WinoMweusi: Upande wa maneno, Kiswahili kimewapa zana ambayo hamjaigusa: ngeli. Mzimu unapatanishwa kwa u- au kwa a-. Andikeni "ulisimama", "uliinama", kama kitu, halafu mahali pamoja tu, karibu na mwisho, "akainua uso". Msomaji anashtuka kabla hajajua kilichomshtua. Ila u- iwe imekaa imara, angalau mara tano, la sivyo mtaonekana mmekosea sarufi.

Kauli ya kutendwa nayo inafaa sana: "Aliitwa kwa jina la utotoni." Na nani? Msiseme. Halafu mahali: "mtu alikohoa migombani" ni habari ya jirani, lakini "migombani mlisikika kikohozi", mwenye kukohoa hayupo. Kabla ya hayo yote wekeni tochi, jembe na saa kamili ya zamu, ili kuwe na kitu cha kuvurugika. Maneno "ghafla", "cha ajabu" na "ya kutisha" yaondoke yote.

MamaKihamba: Wanangu, ufundi huo mzuri, ila mzimu wenu haujui umekuja kufanya nini. Huyu si jini la Pwani. Kwa mila za Kichaga ni mtu wa nyumbani, akija ana dai: sadaka haikutolewa, mbege, pombe yetu ya ndizi, haikumwagwa, mpaka umeguswa. Masale, mmea wa majani marefu, hupandwa mpakani na makaburini, na jani lake ndilo hupelekwa kuomba msamaha. Basi mapema kabisa, mtu ang'oe shina moja la masale ili apanue shamba hatua mbili. Msiligusie tena mpaka maji yakatike. Na msitaje ukoo uliopo, watu wana makaburi yao.

MchoraKiborloni: Shikamoo mama, asante sana. Sentensi ya mwisho sasa iko hivi: "Uliinama, ukapanda shina la masale palepale lilipong'olewa, kisha akaniangalia." Hiyo a- haijaja mapema?

WinoMweusi: Iko mahali pake. Toa "kisha", koma inatosha. Na "palepale lilipong'olewa" iwe "hatua mbili nyuma yangu", msomaji aipime mwenyewe.