Msaada wa haraka: nguo ya sandukuni imeingia ukungu

Mtulivu: Wakuu, salaam. Nina nguo nyeupe ilikaa sandukuni muda mrefu. Leo nimeifungua, imejaa madoadoa meusi ya ukungu na harufu juu. Inahitajika Jumamosi. Nitumie nini? Natanguliza shukrani.

Babu Kobazi: Itoe nje, ipige brashi ingali kavu, la sivyo unasambaza kuvu nguo nzima. Kisha siki nyeupe kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, loweka saa moja, fua, anika juani. Pasi usiguse mpaka doa litoke, joto linalifanya ling'ang'anie.

Shangazi Mkali: Mimi nauliza kwa nini iliingia sandukuni haijafuliwa. Kuvu inakula jasho na wanga, ikipata na unyevunyevu basi tena. Mume wangu aliweka suti hivyohivyo. Siku ya msiba wa bosi wake akaivaa, chafya na machozi mpaka watu wakaanza kumpa pole yeye kuliko wafiwa.

Fundi Sindano: Kitambaa gani, mleta mada?

Mtulivu: Cha kawaida tu, chepesi. Jiki je?

Fundi Sindano: Hakuna kitambaa kinachoitwa cha kawaida. Pamba? Sufu? Hariri?

Mtulivu: Hariri. Ni gauni la harusi. La wifi yangu, hajui kama ninalo, na hilo naomba tusilijadili. Jiki nimeshaitia kwenye beseni, kidogo sana, nimechovya upindo tu. Si ni dawa ya nguo nyeupe? Nilikuwa naongeza na siki ya Babu ili ipate nguvu.

Fundi Sindano: USIONGEZE! Jiki na siki zinatoa gesi ya klorini, utaumiza mapafu. Fungua madirisha, mwaga hiyo jiki peke yake. Hariri ni protini kama nywele zako, jiki inaila na kuifanya njano. Suuza upindo kwa maji baridi mengi, usikamue, hariri ikilowa inachanika upesi. Madoa yajaribie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, uanzie upande wa ndani usioonekana. La maana zaidi, mpelekee dobi anayesafisha bila maji, na umwambie habari ya jiki.

Mtulivu: Lakini jiki si inaua kuvu? Halafu upindo haujawa njano, umekuwa rangi ya maziwa. Labda ni taa.

Kiroboto: Taa 😂 Wifi naye atakuja na tochi.

Mdadisi: Ngojeni kwanza. Mwezi uliopita huyuhuyu alileta mada ya gauni la harusi la dada yake lililoungua pasi. Leo la wifi. Hii chai, hadithi ya kutunga.

Babu Kobazi: Na mimi nimeandika siki yangu bure!

Mtulivu: Lile lilikuwa gauni jingine jamani.

Shangazi Mkali: Kwani mwanangu unakodisha magauni ya ukoo mzima?

Mdadisi: Weka picha ya upindo.

Fundi Sindano: Iwe chai isiwe chai, habari ya kuanika juani ni ya pamba. Hariri ianikwe kivulini penye upepo.

Mtulivu: Kamera ya simu imekufa. Fundi, hiyo peroksaidi naipata duka la dawa? Na nikiipaka leo, kesho naweza kupiga pasi?