Naomba ushauri: prosesa ya viini 32 inazima nikiipandisha kasi

Wakuu, habari za jioni. Niko Kisumu, Milimani, nachora majengo na kuwaandalia wateja picha za 3D kwa programu ya Blender. Mwaka jana nilijiundia mashine yenye prosesa ya AMD Threadripper 3970X: viini 32, nyuzi 64 (kazi 64 kwa wakati mmoja), wati 280 kabla hujaipandisha kasi. Kadi ya picha ni RTX 3090, nayo wati 350. Pawa saplai ni ya wati 850.

Nikiiacha ilivyo, inafanya kazi vizuri. Nikilazimisha viini vyote viende kasi ya GHz 4.2, inazima ghafla baada ya dakika kama 20, hasa prosesa na kadi zikifanya kazi pamoja. Haigandi wala kuonyesha kosa, inakata tu. Juzi ilinikatia kazi ya mteja usiku wa manane. Iliniuma sana.

Fundi mmoja anasema ni joto. Kweli chumba changu mchana hufika nyuzi joto 30, na feni haziwezi kuipoza mashine chini ya joto la chumba. Lakini mimi nashuku pawa saplai, maana ukiongeza volti, umeme unaoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti hiyo.

Tena nimeweka vijiti viwili tu vya ramu (kumbukumbu), na prosesa hii ina njia nne za kusoma ramu. Je, nijaze zile njia nne kwanza na kuachana na kupandisha kasi? Au ninunue pawa saplai ya wati 1200? Pesa inatosha kimoja tu. Aliyepitia haya, tafadhali anielekeze.