Matembezi na watoto: Dunga na msitu wa Kakamega, naomba ushauri
Habari zenu ndugu zangu. Likizo ya Agosti dada yangu analeta wanawe watatu hapa Kisumu, kitinda mimba ana miaka minne. Nataka tutembee kwa miguu, si kukaa ufuoni kula samaki tu (ingawa samaki watakuwepo). Dunga, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, naipendea ile njia ya mbao inayopita kwenye mafunjo, ila viboko hutoka ziwani jioni kula nyasi, na huyo mdogo hashikiki. Twende saa ngapi? Kesho yake Kakamega: tuingilie Isecheno au Buyangu? Kilima cha Lirhanda atakipanda mwenyewe, au nijiandae kumbeba mgongoni? Mliopita huko na watoto nisaidieni, hata kuhusu viatu. Mvua ya alasiri kule haina adabu.