Mrejesho: okestra ya kompyuta kwa kwaya yetu ya Bukavu

Ndugu zangu, niliuliza ni maktaba gani ya sauti za okestra (mkusanyiko wa sauti za ala zilizorekodiwa ili zipigwe kwa kompyuta) inayoweza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8, ili nisindikize nyimbo za kwaya yetu hapa Bukavu, na wengi wenu mlinielekeza kwenye BBC Symphony Orchestra Discover ya kampuni ya Spitfire Audio. Nimeitumia, nami nawashukuru kwa dhati. Ina ala 33 zilizorekodiwa katika studio za Maida Vale, London, lakini uzito wake ni kama megabaiti 200 tu, kiasi ambacho hata intaneti ya simu inakimudu.

Kilichonisaidia zaidi ni ushauri wa kuchora mkunjo wa kidhibiti namba 1 cha MIDI (lugha ya kuelekeza ala za kompyuta), kinachopandisha na kushusha nguvu ya sauti, kwenye kila sauti ndefu, maana fidla zinazoshikilia noti bila kupanda wala kushuka nguvu husikika kama kinanda cha zamani, ilhali zikipewa mkunjo huo huanza kupumua pamoja na waimbaji. Selo zinapendeza mno. Kwa melodi za haraka zinazounganishwa, toleo hili halina legato halisi, yaani noti zinazotiririka kutoka moja hadi nyingine bila kukatika. Hapo nimemrekodi mpiga fidla mmoja wa hapa mjini juu ya zile za kompyuta, na tofauti inasikika wazi.