Kipima chumvi chatoa herufi za ajabu kwenye laptopu

Asalaam aleikum wajuzi. Napima chumvi ya maji kwenye mikoko ya Tudor, Mombasa, kwa kifaa cha zamani, waya wake wa pini 9 nimeuunga na adapta ya USB. Juzi kilisoma vizuri. Leo pahali pa 34.6 naona "þx?ÿ" tu. Nimebadilisha waya, nimezima nimewasha, wapi! Na kesho alfajiri maji yakiwa kupwa sharti niwe huko.

— Waaleikum salaam dada. Kama herufi zinakuja, waya ni mzima. Kasi ya kutuma data kati ya kifaa na laptopu ndiyo haiwiani. Fungua menyu ya kifaa: kikiwa 9600, programu nayo iwe 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa).

— Naongezea: uliichomeka adapta tundu lilelile? Ukiihamisha, Windows huenda ikaipa namba nyingine ya COM (jina ambalo Windows huipa njia ya kuunganisha kifaa), na kasi ya huko ni ya kuwekwa upya.

— Mola awalipe kheri! Tundu ni lilelile. Kifaa ndicho kilichorudi 1200 chenyewe, kile kibetri cha ndani cha duara, kama cha saa, kimekufa. Nimeweka 9600, 34.6 hiyo! Kibetri nakifuata sasa hivi kabla maduka hayajafungwa.