Albamu yetu ya kwanza hapa Lamu: nyimbo ngapi, na ngoma turekodie wapi? Naomba ushauri

MtuWaLangoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Tuna kundi letu la muziki, vijana watupu isipokuwa mpiga msondo, ile ngoma ndefu, ambaye ni mtu mzima. Tunapiga muziki wa kisasa uliokalia chakacha, ngoma ya harusi za pwani: gitaa, besi na kinanda, chini yake ngoma za ngozi, yaani msondo, chapuo na vumi. Waimbaji ni dada wawili, na mmoja wao akishika pembe za vugo, zile zinazogongwa kwa vijiti, hutaki aziachie. Harusini watu hawakai chini, alhamdulillahi.

Tumeweka akiba ya pesa za harusi na sasa tunataka kutoa albamu kamili, ya kusikilizwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mfano wangu ni Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka Novemba 1982. Ile ina nyimbo 9 tu, jumla kama dakika 42, na nyimbo 7 kati ya hizo zilitolewa pia mojamoja, zote zikaingia kumi bora Marekani. Albamu yake iliyotangulia, ya 1979, ilipata tuzo moja tu ya Grammy. Jambo hilo lilimuuma, akakusudia kwamba inayofuata isiwe na wimbo dhaifu hata mmoja. Nikisoma hayo najiuliza, kwa nini sisi wa Amu, yaani Lamu, turidhike na kazi ya kulipua?

Shida zetu ni hizi. Studio tuliyoiulizia Mombasa inatoza kwa wimbo, na prodyuza anasisitiza turekodi zote 14 tulizo nazo. Tena anataka ngoma zote zitoke kwenye kompyuta, eti za ngozi zinakula muda. Alitupigia mfano wa biti aliyotutengenezea. Mzee wetu wa msondo aliisikiliza mpaka mwisho, asiseme neno, akavaa viatu akatoka. Mwenzetu wa gitaa yeye anaona tusiende kokote, turekodi Mkomani, mtaa wa hapa hapa, kwenye nyumba ya shangazi yake, nyumba ya mawe ya zamani.

Nishaurini. Pesa hizi zikipotea hatutazipata tena karibuni.

FundiMitambo_Malindi

Wa alaykumu ssalaam kaka. Niko Malindi, kazi yangu ni mitambo ya sauti. Naanza na ngoma, maana mkikosea hapo hayo mengine hayatawasaidia.

Kwenye hiyo hiyo Thriller, wimbo wa Billie Jean una mashine ya ngoma ndani yake. Hata hivyo Quincy Jones, aliyesimamia albamu, alimwita Leon "Ndugu" Chancler aje apige ngoma kwa mikono yake juu ya ile mashine. Na Bruce Swedien, fundi wa sauti, hakuzirekodi hivi hivi. Alizipandisha juu ya jukwaa la mbao, ile kubwa akaivisha kifuniko maalumu chenye tundu la kupitishia maiki, na kati ya ngoma ndogo na matoazi akasimamisha kipande cha ubao ili sauti zisiingiliane. Ndiyo sababu wimbo ule unatambulika kabla mtu hajafungua mdomo. Kwa hiyo kompyuta si adui, mnaweza kuiweka chini ili ishike mwendo, lakini anayesikika awe mzee wenu.

Msondo mpeni afanye kama anavyofanya harusini, auegemeze, mdomo wa chini usizibwe na sakafu. Chini yake tandikeni ubao. Maiki moja iwe karibu na ngozi, kwa ubavuni mkono usije ukaigonga, nyingine iwekeni kwenye mdomo wa chini, pale uzito unapotokea. Na ngozi zitieni moto kabla ya kila wimbo. Hewa ya bahari inalegeza ngozi haraka: mkianza kurekodi ikiwa imekaza na mkamaliza ikiwa imepoa, mwanzo wa wimbo na mwisho wake vitakuwa ngoma mbili tofauti, na hapo hakuna mtambo wa kuwaokoa. Jiko la makaa liwashwe kiwandani, yaani uani, kijana mmoja kazi yake iwe hiyo tu.

Nyumba ya Mkomani naipenda. Ile ndani, chumba cha nyuma chenye zidaka (vishubaka) ukutani, ni mahali pazuri pa kuimbia. Sauti ikipiga ukuta mtupu inarudi jinsi ilivyokwenda, lakini zidaka zinaitawanya. Waimbaji wasimame humo. Mtarekodi baada ya isha, injini za mashua zikishatulia. Punda hawana saa, huyo akilia mnarudia.

Maiki ya kuimbia isiwababaishe. Sauti ya Michael kwenye Thriller ilirekodiwa kwa Shure SM7, jamii ya maiki wanayotumia sana watangazaji wa redio, na studio ile ilikuwa na uwezo wa kununua za bei mbaya zaidi. Maiki ya namna hiyo inashika kilicho mbele yake na haifuati sana kelele za mbali. Kwa mji kama Lamu hiyo ndiyo inayowafaa.

Kipepeo_Watamu

Mimi nawaambia kweli, siku hizi nani anakaa kusikiliza albamu? Toeni wimbo mmoja mmoja, watu wawajue kwanza. Pesa ya nyimbo kumi mtaizika bure.

BiMkubwa_Shela

Mwanangu, mimi ni mtu wa taarabu, nimekua na kanda za Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu. Kanda ile ukiitia unaiacha iende upande mzima, humalizi ukatamani kuruka mahali. Basi kijana wa Watamu asikuvunje moyo. Watu wanaosikiliza mpaka mwisho wapo, tena wengi wetu ni wanawake tuliomo majumbani na kazi zetu mikononi.

Kuhusu idadi, kumi na nne ni nyingi kwa kundi linaloanza. Huyo anayetoza kwa wimbo lazima azitake zote, hapo hamna la kushangaza. Nitakupa njia ya kuchagua. Nimesoma kwamba Michael Jackson hakuwa mtu wa kuandika noti, alikuwa akiimba kila ala kwa mdomo, besi, ngoma, gitaa, mpaka wapigaji wakamwelewa. Nanyi kaeni ukumbini bila umeme, muimbe kila wimbo kwa mdomo na makofi na tari moja. Waiteni shangazi na mama zenu wasikilize. Ambao wataukamata kiitikio na kuanza kuitikia wenyewe, huo uwekeni. Ambao watauliza "umekwisha?" uacheni kwa sasa, hata kama nyinyi mwaupenda. Na mashairi yakaguliwe, mwanangu. Vina vikivunjika hapa Amu watu wanasikia, hata wakinyamaza kwa heshima.

Na huyo mzee wa msondo mwendeeni nyumbani mkamtake radhi. Wapigaji kama yeye hawasomeshwi siku hizi.

MsikilizajiSanturi

Kaka wa Langoni, kwa kuwa umeitaja Thriller, kuna sehemu ya kisa chake inayokuhusu kuliko hizo tuzo. Ilianza kurekodiwa Aprili 1982 studio ya Westlake, Los Angeles. Mwisho kampuni ikawa inawabana, wakafanya kazi usiku na mchana, wakamaliza, wakakaa kuisikiliza santuri ya majaribio. Ilikuwa mbaya. Michael alilia. Hebu fikiria, nyimbo zile zile unazozipenda leo, waimbaji wale wale, na sauti haina nguvu.

Sababu kubwa ilikuwa urefu. Santuri ina nafasi yake. Ukitia dakika nyingi upande mmoja, mifereji inamopita sindano inabidi iwe myembamba, na mfereji mwembamba haubebi besi nzito wala sauti kubwa. Ikabidi wapunguze. Utangulizi wa Billie Jean ulikuwa mrefu zaidi ya huu tunaousikia, na wimbo wa mwisho, The Lady in My Life, ulikatwa ubeti mzima. Kisha wakapumzika siku chache masikio yatulie, wakarudi wakachanganya upya, wimbo mmoja kwa siku.

Leo hakuna mfereji, faili linabeba saa nzima bila kulalamika. Lakini ndani ya wimbo bado nafasi ni ile ile. Besi ya gitaa, msondo na vumi zote zinataka kukaa chini. Mkiziacha zipigane hakuna itakayosikika, na mtaambiwa ongezeni sauti, mkiongeza inazidi kuvurugika. Amueni kwenye kila wimbo nani anashika chini. Msondo ukiwa ndio mwenye wimbo, mpiga besi apunguze noti, aache mapengo. Hilo linamalizwa kwenye mazoezi, halingojei kompyuta.

Jambo jingine: Swedien alichanganya Billie Jean mara 91, na iliyotumika ikawa ile ya 2. Ndiyo nasema wekeni kila mlichofanya, msifute. Yeye alikuwa akiunganisha kanda mbili zikaenda pamoja, kanda ya mwanzo yenye ngoma akaiweka kando isilike kwa kurudiwarudiwa, akafanyia kazi nakala. Nyinyi nakilini kwenye diski mbili, moja ilale nyumba nyingine. Na msimalize kuchanganya wimbo usiku mkaupeleka asubuhi. Laleni kwanza, halafu usikilizeni kwenye simu, kwenye redio ya dukani, kwenye spika ya harusi.

HakiZaWasanii

Nimesoma kote, swali moja tu: hizo nyimbo 14 zote ni zenu? Nauliza kwa sababu chakacha na vugo zina viitikio vya zamani ambavyo kila mtu anavipenda kuvitia ndani. Cha jadi kisicho na mwenyewe ni sawa, lakini vingine vimetungwa na watu waliopo au watoto wao wapo. Hata Thriller iliingia kwenye jambo hili. Wimbo wake wa kwanza unamalizikia kwa maneno yaliyofanana na ya Manu Dibango wa Kamerun, kwenye Soul Makossa ya 1972. Dibango alidai haki yake na wakaelewana nje ya mahakama. Ikiwa wale wenye mawakili walifikishwa huko, nyinyi ulizeni kwanza. Nendeni kwa wazee, semeni nao, andikeni makubaliano hata kwa karatasi ya daftari yenye sahihi. Nyimbo zenu wenyewe ziandikisheni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kuzitoa. Na andikeni sasa hivi nani ametunga nini na mgao ukoje, kwa kila wimbo, mzee wa msondo akiwemo. Wimbo ukishapendwa maneno hayo hayazungumziki tena.

MtuWaLangoni

Nimewasoma nyote, Mwenyezi Mungu awalipe. Jana usiku tulikaa ukumbini kama alivyotuelekeza Bi Mkubwa, bila umeme. Wimbo nilioutegemea kufungua albamu haukuitikiwa na mtu, na wimbo wa dada yetu kuhusu mume wa baharini, ambao sisi tulikuwa tunaupiga kujaza muda, akina mama waliuimba mpaka nje mlangoni. Huo ndio utakaofungua.

Kwa mzee tumekwenda, amekubali. Sharti lake ni kwamba mtu wa jiko la makaa amchague mwenyewe.

Ndugu yangu wa Watamu, nimekufikiria pia. Thriller yenyewe ilitanguliwa na wimbo mmoja Oktoba 1982, ule alioimba Michael na Paul McCartney, albamu ikafuata. Kwa hiyo huo wa mume wa baharini tutautoa peke yake kwanza, albamu ije baada ya Maulidi inshallah. Mombasa tutaenda kuchanganya tu, tukiwa na sauti zetu tayari, na nitamwomba prodyuza atutoze kwa siku.

Limebaki moja. FundiMitambo, hiyo maiki uliyoitaja hapa Lamu sijaiona kwa mtu. Kuna ya kuazima?

Kipepeo_Watamu

Hapo kwa kutanguliza wimbo mmoja tuko pamoja. Ukitoka nitauweka kwenye gari letu la watalii, kila siku.

FundiMitambo_Malindi

Ya kwangu ipo, ni ya jamii hiyo hiyo, nitawaazima bila malipo mkinirudishia ikiwa salama. Mtu anayetoka Mombasa kwa basi la Lamu ashuke stendi ya Malindi dakika tano tu nimkabidhi, isipitie mkono wa utingo. Kwenye boti ya Mokowe aifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, maji ya chumvi yakiingia ndiyo basi. Fahamuni pia kwamba maiki hii sauti yake ni ndogo, inataka kikuza sauti chenye nguvu, kwa hiyo nipigie picha ya mtambo mnaochomekea kabla sijaituma nione kama utaimudu. Waya mje na zenu, mbili, moja ya akiba.