Kampuni kubwa zinageuza kuta na friji za maduka yetu kuwa mabango ya bure, na ada tunalipa sisi

Mbukwenyi wakuu.

Naandika nikiwa na hasira, atakayeona lugha kali anivumilie. Nina duka la kawaida hapa Dodoma: unga, sabuni, vocha, mafuta ya kupima, soda. Mtaani wananiita Mangi, kama wanavyowaita wenye maduka wa Kichaga, ingawa mimi ni Mgogo wa Kongwa, nimeshazoea.

Juzi nimetoka Soko la Majengo kuchukua mzigo, nafika nakuta ukuta wa mbele na ule wa ubavuni unaotazama barabara umepigwa rangi ya kampuni moja kubwa ya vinywaji. Nembo imepanda mpaka karibu na bati. Jina la duka, nililomlipa fundi aliandike kwa mkono mzuri kabisa, limefunikwa, na badala yake kuna kijina kidogo pembeni ambacho hata herufi wamekosea. Kijana wangu wa dukani anasema walikuja na gari, ngazi na ndoo za rangi, wakamwambia ni bure na bosi anajua. Bosi yupi? Mimi nilikuwa nabishana bei ya mchele Majengo.

Ningeweza kumeza hilo. Rangi ni rangi, na vumbi la hapa kwetu kiangazi halichagui nembo. Kilichonipandisha presha ni kilichofuata. Akaja mtoza ushuru na futi kamba, akapima ukuta urefu kwa upana, akapiga hesabu, akanitajia ada ya bango. Namuuliza, bango la nani? Ananijibu kwa upole kabisa kwamba tangazo liko kwenye jengo langu, kwa hiyo anayedaiwa ni mimi, na kwamba jina tupu la duka lingekuwa na hesabu nyingine lakini hili ni tangazo la bidhaa. Nikampigia afisa mauzo wa kampuni. Jibu lake nawanukulia kama lilivyo: "Kaka, sisi tumekupendezeshea duka tu, mambo ya ushuru ni ya kwako na serikali yako."

Tumekupendezeshea duka! Hivi mwenye kiwanja anayewekewa bango la chuma pale barabara ya Morogoro, naye huwa anapendezeshewa kiwanja? Yule analipwa kodi, ana mkataba, na muda ukiisha wanakuja kumwomba waongeze. Redio inalipwa, msanii analipwa, hata dada anayejipiga picha ameshika sabuni analipwa. Mwenye duka, ambaye ukuta wake unatazamwa kila siku na watu wanaokwenda kununua kitu hichohicho kinachotangazwa, anapewa ndoo mbili za rangi na deni la ushuru.

Na msiniambie hela hawana. Mwaka 2024 Meta peke yake, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, walivuna zaidi ya dola bilioni 160 kwenye matangazo. Sehemu ya hela hiyo inatoka kwenye bajeti za kampuni kama hizihizi zinazotupaka rangi. Machi 2025 bosi mpya wa Unilever, Fernando Fernandez, alisema anataka nusu ya bajeti yao ya matangazo iende mitandaoni na washawishi waongezwe mara 20, mpaka India kila eneo la posta liwe na mtu wao. Sababu aliyotoa ni kwamba watu hawaamini tena ujumbe unaotoka kwa kampuni yenyewe, wanamwamini mtu wanayemjua. Sawa kabisa, nakubaliana naye. Sasa nani anajulikana mtaani kuliko muuza duka? Mama akija akaniuliza "sabuni ipi haichubui mikono," jibu langu linauza kuliko video yoyote ile. Huo ni ushawishi, na wanaupata bure tangu enzi za babu.

Pandeni basi kutoka Morogoro muone. Ukishapita Gairo, ukaja Kibaigwa, Mbande, Buigiri mpaka Chamwino, kila penye kituo cha basi kuna safu ya vibanda vya rangi za simu na soda. Kampuni zikibadili majina, kuta nazo zinabadilishwa. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, Tigo ikawa Yas Novemba 2024. Kila mabadiliko ya namna hiyo kwa wakubwa ni sherehe na vyombo vya habari; kwa mwenye kibanda ni asubuhi moja anaamka rangi imegeuka. Na yule ambaye gari la rangi halikumfikia anabaki na jina la kampuni isiyokuwepo.

Mbaya zaidi ya ukuta ni friji.

Mnaijua biashara ya friji. Wanakuletea friji ya kioo, imeandikwa kila upande, hawakuuzii. Masharti: ndani yake ziingie bidhaa zao tu. Umeme wa LUKU ni wako, nafasi dukani ni yako, ikiibiwa utajua wewe. Karatasi waliyoniletea ilikuwa ya Kiingereza. Nikaomba ya Kiswahili, wakasema haipo. Yaani nchi ambayo tangu 2021 sheria yake inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kampuni inayotangaza kwa Kiswahili kitamu cha mtaani, inayojua kuniambia "raha" na "burudani" redioni, inakosa Kiswahili siku ya kuniwekea masharti!

Jirani yangu anatengeneza juisi ya zabibu. Zabibu zenyewe za hapahapa, anazifuata Hombolo. Anaweka kwenye chupa safi, ana lebo yake, ana vibali vyake. Nikampa rafu ya chini kabisa ya friji, ile ambayo soda hazifiki ubaridi vizuri. Zilikuwa zinatoka! Watu wa wizarani wakipita kuelekea Mtumba wananunua hata nne. Akaja supavaiza wa kampuni. Siku hizi hawahesabu kwa kidole, wanapiga friji picha kwa simu na programu inahesabu chupa zao ngapi na za wageni ngapi. Simu ikamwonyesha. Akafungua friji, akatoa chupa za jirani moja moja, akazipanga sakafuni juani, halafu akaniambia nikirudia friji inaondoka. Dukani kwangu. Mbele ya wateja wangu. Na jirani yupo pale anaangalia.

Sasa kuna watu watakuja hapa kusema "friji ni yao, wana haki." Ngoja niwape habari.

Huko Ireland, Unilever kupitia kampuni yao ya HB walikuwa wanawapa wenye maduka friji za aiskrimu bure kwa sharti hilihili: humo ndani aiskrimu yetu tu. Duka dogo halina nafasi ya friji ya pili, kwa hiyo washindani wao, Mars, walipoingia sokoni wakakuta milango imefungwa bila kufuli. Kesi ikaenda. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya ikaamua kwamba sharti lile linavunja sheria za ushindani, na mahakama ya Ulaya ikaunga mkono mwaka 2003. Kwamba friji ni yako haikutosha. Kilichoangaliwa ni kwamba ukiwa mkubwa kiasi hicho, friji yako ya bure ni njia ya kuziba duka la mwenzako.

Mwaka 2005 Coca-Cola wenyewe waliiahidi Tume hiyohiyo kwamba kwenye duka ambalo friji yao ndiyo pekee, mwenye duka awe huru kutumia angalau asilimia 20 ya nafasi kwa bidhaa anayotaka. Mkisema hayo ni ya Wazungu, njooni Afrika Kusini: mwaka 2016, kampuni za kujaza soda za Coca-Cola zilipoungana, moja ya masharti ya kuruhusiwa ni kuwaachia maduka madogo angalau asilimia 10 ya friji kwa vinywaji vya wazalishaji wadogo wa nchini. Asilimia 10 ya friji yangu ndiyo ile rafu ya chini. Ndiyo chupa za jirani yangu zilizopangwa juani.

Kwa hiyo kampuni hizi zinajua kabisa kuishi na utaratibu huo. Hazijafa. Zinauza Dublin, zinauza Johannesburg. Ni hapa tu Dodoma, mitaa ya Nkuhungu, Chang'ombe na Kikuyu, ndiko rafu moja inakuwa kosa la jinai.

Na kuhusu kuta, São Paulo, jiji la mamilioni ya watu kule Brazil, walipitisha sheria ikaanza kufanya kazi mwaka 2007: mabango yote ya matangazo ya nje yaondolewe. Yakashushwa maelfu. Hata vibao vya maduka vikawekewa kikomo kulingana na upana wa mbele ya jengo. Sitaki Dodoma ifike huko, mimi mwenyewe nataka bango langu. Ila jiji lenye hadhi ya jiji tangu 2018, makao makuu ya nchi, linashindwaje kuandika kwamba ada ya tangazo ailipe mwenye nembo? Jina lake liko pale ukutani, kubwa kuliko langu, na ofisi zake zinajulikana. Kumfuata mwenye duka ni uvivu tu, kwa sababu mwenye duka hana mwanasheria na kila siku yupo.

Tume ya Ushindani ipo kwa sheria ya 2003. Nataka kupeleka suala la friji huko kwa maandishi, na peke yangu nitaonekana mlalamishi wa mtaani. Wenye maduka wa Dodoma, Singida, Manyoni, Mpwapwa, tuma picha ya mkataba wako wa friji, ziba jina lako na namba ya simu. Waliowahi kupewa mkataba wa Kiswahili nao waseme, nitafurahi kuonekana mwongo. Na kama kuna aliyewahi kulipwa hata shilingi kwa ukuta wake, atuambie alisemaje mpaka wakampa.

Anayekuja na "piga chokaa juu yake yaishe," nimeshauliza. Afisa mauzo anasema nikifuta nembo, mzigo wangu utakuwa unachelewa. Hakusema utasitishwa, alisema "utakuwa unachelewa."

NYONGEZA: Afisa mauzo amepiga tena, nahisi kuna mtu humu kampelekea. Ananiambia tumalize kirafiki, ataniletea mwavuli mkubwa wa kukalia nje na tisheti mbili. Nimeuliza mwavuli una nembo? Upo na nembo. Nimemwambia aje kwanza na risiti ya ada ya ukuta, halafu tupatane kodi ya mwavuli kwa mwezi. Kakata simu.